Gitaa Linapopoteza Sauti: Namna ya Kuchagua Pikapu Mpya

Askari anayepiga gitaa katika bendi ya kikosi chake, mwalimu anayeongoza kwaya ya kanisa, na kijana wa Nyamirambo anayejipatia riziki kwa kupiga muziki katika karamu za arusi, wote hao hufikwa siku moja na msiba ulio mmoja. Gitaa la umeme lililokuwa likilia kwa sauti safi huanza kuvuma kama nyuki mzingani, au hutoa sauti iliyofifia, au hunyamaza kabisa katikati ya wimbo. Rafiki mwenye nia njema husema, "Badilisha pikapu." Na kwa kuwa shauri hilo ni rahisi kutamka, fedha ya ada ya shule au ya kodi ya nyumba huweza kutoka mfukoni kabla mtu hajajua kama pikapu ndiyo iliyokuwa na kosa.

Shabaha ya makala hii ni kumsaidia mwenye gitaa, pamoja na jamaa wanaokula naye katika chungu kimoja, wafikie uamuzi wa busara. Jambo kuu la kushika ni hili: pikapu huchaguliwa kwa kazi ambayo gitaa litafanya. Wingi wa nguvu zake, na umaarufu wa jina lililopigwa chapa juu ya boksi, ni mambo ya kuangaliwa baadaye.

PIKAPU NI KITU GANI?

Neno pikapu huwafanya watu wengi wafikirie gari dogo la kubebea mizigo. Kwa wapiga gitaa, pikapu ni kipande kidogo kinachofungwa chini ya nyuzi, ambacho ndani yake mna sumaku na waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara elfu nyingi. Waya huo uliozungushwa huitwa koili.

Wanyarwanda wanaifahamu vizuri inanga, ala ya nyuzi ambayo ubao wake uliochongwa na kuinama kidogo kama sinia refu ndio unaokuza sauti. Gitaa la umeme lenye mwili wa ubao mzito usio na uwazi halina msaada huo. Likipigwa bila amplifaya, sauti yake haivuki kizingiti cha chumba. Pikapu ndiyo inayolipa kinywa.

Kazi yake hufanyika hivi. Nyuzi za gitaa la umeme ni za chuma, na sumaku iliyomo katika pikapu huufanya uzi ulio juu yake nao uwe na usumaku kidogo. Uzi unapotikisika, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzaa umeme hafifu ndani ya waya. Kanuni hiyo ilidhihirishwa na Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, nayo ndiyo inayowasha taa ya baiskeli yenye dinamo. Umeme huo husafiri kwa kebo hadi kwenye amplifaya, ukakuzwa, na spika ikasema. Kwa sababu hiyo nyuzi za nailoni hazisikiki kwa pikapu ya namna hii, hata amplifaya iwe kubwa kiasi gani.

Gitaa la kwanza la sumaku na koili lililofaulu lilitokana na majaribio ya George Beauchamp, nchini Marekani, mwaka 1931, na hataza yake ikatolewa mwaka 1937. Katika miaka ya 1950 magitaa ya umeme yalikuwa yamekwisha kuingia katika studio za Léopoldville, mji ambao sasa huitwa Kinshasa. Kutoka huko rumba ya magitaa ilienea Afrika Mashariki yote, na Rwanda haikubaki nyuma.

MAGITAA YA KIGALI NA THAMANI YAKE

Katika miaka ya 1970 na 1980 bendi za magitaa kama Impala zilipendwa mno nchini Rwanda, na nyimbo zao zilifika majumbani kwa Redio Rwanda. Muziki wa namna hiyo husimama juu ya magitaa yenye sauti safi: solo hupanda juu ikijibizana na mwimbaji, ridhimu hujaza katikati, na besi hushika mwendo wa wachezaji. Nchini Tanzania, katika zama hizohizo, majeshi yenyewe yalikuwa na bendi za dansi zilizojaza kumbi, miongoni mwake Polisi Jazz, Mwenge Jazz na JKT Kimulimuli. Kwa hiyo askari mwenye gitaa begani si kioja katika sehemu hii ya Afrika.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yaliwaangamiza wanamuziki wengi wa Rwanda. Mmoja wao ni Sebanani André, mwimbaji wa Impala. Nyimbo zilibaki katika kanda, na mtindo ukabaki katika vidole vya wale walionusurika na vya wale waliojifunza kwa kusikiliza. Siku hizi vijana hujifunza pia darasani: shule ya muziki ilianzishwa Nyundo mwaka 2014, na baadaye ikahamishiwa Muhanga.

Kwa mintarafu hiyo, gitaa la zamani lililotundikwa ukutani katika nyumba ya Kigali huweza kuwa na thamani isiyoandikwa katika risiti yoyote. Huenda lilikuwa la baba au la mjomba, na sauti yake ndiyo inayokumbukwa na waliobaki. Mtu akiing'oa pikapu yake ya asili na kuitupa, kisha akafunga nyingine iliyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa kelele na mkwaruzo, atakuwa amelitia gitaa hilo ulimi wa mgeni. Ndiyo sababu jambo hili halifai kufanywa kwa pupa.

KWANZA MGONJWA APIMWE

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Vivyo hivyo kabla ya kuilaumu pikapu hapana budi kuchunguza mambo yale yasiyogharimu fedha, au yanayogharimu kidogo.

La kwanza ni nyuzi. Jasho la mkono na unyevu wa masika hushika kutu juu ya nyuzi, zikapoteza mng'ao wa sauti. Seti mpya ya nyuzi ni rahisi mno ikilinganishwa na pikapu, na mara nyingi huirudisha sauti iliyodhaniwa imekufa.

La pili ni kebo. Kebo iliyokatika kwa ndani hukwaruza au hunyamaza ikitikiswa. Kadhalika kebo ndefu kupita kiasi hupunguza sauti nyembamba za juu, gitaa likasikika kama limefunikwa blanketi. Yafaa kuazima kebo fupi ya jirani na kusikiliza tofauti kabla ya kusema lolote.

La tatu ni tundu la kuchomekea kebo pamoja na virekebishi vya volyumu na toni. Nati ya tundu hulegea, na waya wa ndani ukakatika. Kirekebishi kinachokwaruza kinapozungushwa kina vumbi au kimechakaa, na kosa hilo halihusiani na pikapu hata kidogo.

La nne ni kimo cha pikapu. Pembeni mwake mna skurubu ambazo huipandisha na kuishusha kwa bisibisi. Uzi ukibanwa kwenye kichuma cha mwisho cha shingoni, nafasi ya milimita 2 hadi 3 baina ya uzi na pikapu hufaa kwa magitaa mengi. Pikapu ikiwa mbali mno, sauti hufifia. Ikiwa karibu mno, hasa ile yenye sumaku kali, huuvuta uzi na kuuharibia mlio, hata mpigaji akadhani gitaa limekataa kukaa sawa. Wapo waliokwisha kuponya gitaa kwa kuzungusha skurubu mbili tu.

La tano ni betri. Baadhi ya pikapu zina kikuza sauti kidogo ndani yake, nazo hutumia betri ya volti 9. Betri ikiisha, sauti hukauka na kukatika. Kuacha kebo imechomekwa katika gitaa la namna hiyo usiku kucha ni kuila betri bure.

La sita ni mvumo. Umeme wa Rwanda, kama wa nchi jirani, hubadilisha mwelekeo wake kwa kasi ya hezi 50, na kila transfoma, taa ya mrija na chaja ya simu hutapanya mvumo hewani. Mpigaji na asogee mbali na amplifaya, ageuke upande huu na upande huu, azime taa, kisha alijaribu gitaa katika nyumba nyingine. Mvumo ukipungua kwa kugeuka tu, gitaa si bovu. Linasikia yale ambayo pikapu ya koili moja imeumbwa kuyasikia.

Hapa pana onyo linalohusu uhai. Mtu akihisi mtetemo wa umeme midomoni anapogusa kipaza sauti huku mkono umeshika nyuzi, aache kupiga mara moja na amwite fundi wa umeme. Hiyo ni dalili kwamba waya wa ardhi wa ukumbi, wa jenereta au wa amplifaya haufanyi kazi, na hali hiyo huua. Pini ya ardhi ya plagi isikatwe kamwe kwa ajili ya kupunguza mvumo. Hakuna pikapu inayoweza kumkinga mtu na hatari hiyo.

Baada ya hayo yote, fundi wa redio mwenye mita ya kupimia umeme aweza kusema neno la mwisho. Ukinzani wa pikapu ya kawaida ya koili moja, kama zile za Stratocaster, huwa karibu omu 6,000. Pikapu ya kawaida ya koili mbili huwa kati ya omu 7,000 na 9,000. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika kabisa, waya wa ndani umekatika. Si ajabu, kwa maana waya huo una unene wa takriban sehemu 6 za 100 za milimita, nao huliwa na kutu jasho linapopenya.

Hata hapo bado pana njia mbili. Mafundi wanaosuka mota huijua kazi ya kuzungusha koili, lakini waya wa pikapu ni mwembamba kuliko ule waliouzoea, na mkono mzito huukata. Pikapu ya gitaa la kumbukumbu hustahili kutafutiwa fundi mwenye uzoefu wa kazi hiyo hasa, ili isukwe upya na kurudi mahali pake. Gitaa la kazi za kila siku laweza kununuliwa pikapu mpya.

KOILI MOJA AU KOILI MBILI

Aliyeamua kununua huikuta njia panda ya kwanza hapa. Pikapu ya koili moja ndiyo ya asili. Ndiyo iliyofungwa na Leo Fender katika magitaa yake, likiwemo Stratocaster la mwaka 1954 lenye pikapu tatu. Sauti yake ni safi, yenye ncha, na kila uzi husikika peke yake. Kasoro yake ni ule mvumo uliokwisha kutajwa.

Mwaka 1955 fundi wa kampuni ya Gibson, Seth Lover, aliomba hataza ya pikapu yenye koili mbili zilizokaa ubavu kwa ubavu. Koili ya pili huzungushwa kinyume cha ya kwanza, na sumaku yake huelekea kinyume pia. Kwa hila hiyo mvumo unaoingia katika koili ya kwanza hukutana na mvumo wa ile ya pili ukiwa umepinduka, ikafutana. Sauti ya nyuzi, kinyume chake, hujumlishwa. Pikapu hizo zilianza kufungwa katika magitaa mwaka 1957. Sauti yake ni nene, ya mviringo, na yenye nguvu zaidi, ila hupoteza kidogo ile ncha ya juu.

Ipi ifuatwe? Yafaa mpigaji ajiulize anapiga wapi, na anapiga nini. Yule anayepiga solo ya rumba, ambaye katika sebene nyuzi zake za juu hutakiwa zimwagike kama mtama kwenye ungo, kila punje mahali pake, atafaidika zaidi na koili moja au na pikapu nyepesi ya koili mbili. Anayepiga katika kumbi zenye taa nyingi na nyaya zilizosokotana, ambamo mvumo huwakera wasikilizaji wakati wa sala au hotuba, atapata raha kwa koili mbili. Wapigaji wengi hodari wametumia aina zote mbili kwa rumba ileile, wala hapana sheria iliyoandikwa. Lililopo ni kwamba kila aina ina faida yake na gharama yake.

Ipo pia njia ya kati. Baadhi ya pikapu zina umbo la koili moja, lakini ndani yake mna koili mbili zilizopandiana moja juu ya nyingine. Hizi hupunguza mvumo na huingia katika tundu lilelile bila ubao kuchongwa. Isitoshe, katika seti nyingi za pikapu tatu, ile ya katikati huzungushwa kinyume, hata swichi inapounganisha pikapu mbili jirani mvumo hupotea. Mnunuzi wa seti na aulize jambo hilo kabla ya kulipa, na anayebadilisha pikapu moja tu ahakikishe kwamba mpya haitauvunja mpango huo.

NGUVU SI UTAMU

Biashara ya pikapu za kubadilishia ilishika kasi nchini Marekani katika miaka ya 1970. Larry DiMarzio alianza kuuza zake mwaka 1972, na kampuni ya Seymour Duncan ikaanzishwa mwaka 1976. Wateja wengi wa wakati ule walipiga muziki wa roki na walitaka amplifaya ilemewe mpaka ikwaruze. Kwa ajili hiyo zilitengenezwa pikapu zenye mizunguko mingi zaidi na sumaku kali zaidi, ambazo hadi leo hutangazwa kwa maneno ya moto na radi.

Mnunuzi wa Kigali anayepiga rumba, nyimbo za kanisa au gakondo yafaa ajihadhari na maneno hayo. Waya ukiongezwa katika koili, umeme huongezeka, lakini sauti za juu hupungua na sauti za katikati hutuna. Pikapu yenye ukinzani wa omu 14,000 au 16,000 kwa kawaida imekusudiwa mkwaruzo, na ikipigwa kwa sauti safi nyuzi huingiliana kama watu wanaosema kwa pamoja. Tena ukinzani peke yake haupimi nguvu sawasawa, maana waya mwembamba zaidi huwa na ukinzani mkubwa hata kama mizunguko haikuongezwa. Namba hiyo ni ya kulinganishia pikapu za jamii moja tu.

Sumaku nazo zina tabia zake. Alniko, ambayo ni mchanganyiko wa chuma, alumini, nikeli na kobalti, ndiyo ya zamani, na wapigaji wengi husema sauti yake ni laini na yenye utu. Sumaku ya seramiki ni rahisi kwa bei na ina nguvu nyingi, nayo mara nyingi huwekwa katika magitaa ya bei nafuu na katika pikapu kali. Seramiki iliyofanywa vizuri yaweza kuishinda alniko iliyofanywa ovyo. Kwa hiyo sikio litangulie, na jina la madini lifuate.

Jambo moja zaidi ni nta. Pikapu nyingi nzuri huchovywa katika nta iliyoyeyushwa ili waya wa ndani usitikisike. Ile isiyochovywa hupiga yowe kali volyumu ikipandishwa karibu na spika. Anayepiga mbele ya umati mkubwa na aulize kama pikapu imetiwa nta.

VIPIMO KABLA YA KULIPA

Nguo isiyopimwa haimkai mtu. Kabla ya kuagiza, mwenye gitaa na aifungue pikapu ya zamani, apime urefu, upana na kina cha tundu, kisha apime nafasi kutoka katikati ya uzi wa kwanza hadi katikati ya uzi wa sita, papo hapo pikapu inapokaa. Karibu na daraja la nyuzi, baadhi ya magitaa huwa na nafasi ya milimita 49 au 50, na mengine hufikia 52. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini nyuzi za pembeni zikikaa nje ya sumaku zake huweza kusikika kwa unyonge.

Vilevile ni lazima kujua mahali pikapu itakapokaa. Karibu na daraja uzi hutikisika kidogo, hivyo pikapu ya hapo hufanywa kuwa na nguvu zaidi. Karibu na shingo uzi hutikisika sana, na pikapu ya hapo huwa ya upole. Mwenye kuzibadilishana atapata gitaa linalopiga kelele upande mmoja na kunong'ona upande wa pili.

Hatimaye ni vile virekebishi vya ndani. Kwa desturi pikapu za koili moja huenda na kirekebishi cha omu 250,000, na za koili mbili huenda na cha omu 500,000. Anayehama kutoka aina moja hadi nyingine bila kubadilisha kirekebishi atakuta sauti imekuwa kali ya kukwangua au imezibwa, naye ataisingizia pikapu isiyo na hatia.

SHAURI LA NYUMBANI

Pikapu za majina makubwa huagizwa kutoka ng'ambo, na juu ya bei yake huja nauli na ushuru. Seti nzima yaweza kuzidi bei ya gitaa jipya la kawaida. Kwa hiyo mke na mume yafaa waketi wakalijadili jambo hili kama wanavyojadili cherehani au baiskeli ya kazi.

Mtu na aandike karatasini gharama yote, yaani pikapu, usafiri, ushuru, virekebishi na ujira wa fundi. Kisha aandike gitaa linaingiza kiasi gani kwa mwezi baada ya nauli za kwenda kupiga. Ikiwa gharama itarudi kwa karamu chache, na kosa la pikapu limethibitishwa kwa mita, ununuzi una maana. Ikiwa gitaa ni la burudani ya jioni tu, pikapu moja iliyokufa ibadilishwe, na zile nzima ziachwe. Na ikiwa shingo ya gitaa imepinda au vichuma vyake vimeliwa, fedha itangulie huko, kwa kuwa pikapu nzuri itayatangaza makosa hayo kwa sauti safi zaidi.

Mama wa nyumbani anayeuliza "Je, tumekwisha jaribu kebo nyingine?" hapingi muziki. Ameuliza swali ambalo fundi stadi angeanza nalo.

SIKU YA KUFUNGA

Kazi ya kufunga yaweza kufanywa na fundi wa redio mwenye mkono mtulivu. Kwanza uchorwe mchoro wa nyaya zote jinsi zilivyo, au ipigwe picha kwa simu. Rangi za nyaya hutofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo karatasi iliyokuja na pikapu isipotee. Chuma cha kulehemu kiwe cha moto wa kutosha, kigusishwe kwa muda mfupi, na waya wa ardhi unaokwenda kwenye daraja usisahauliwe. Risasi ya kulehemia ni sumu, hivyo watoto wakae mbali, dirisha liwe wazi, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Kabla ya kufunika, gitaa lichomekwe kwa amplifaya, na kila pikapu igongwe polepole kwa bisibisi ili isikike kama iko hai. Kisha pikapu mbili zifunguliwe kwa pamoja. Sauti ikiwa nyembamba na tupu kama inatoka ndani ya kopo, moja imeungwa kinyume cha nyingine, na fundi ataziangalia nyaya zake upya kwa kufuata ile karatasi. Mwisho pikapu zipandishwe na kushushwa polepole mpaka nyuzi zote zilingane.

Pikapu ya zamani iliyotolewa, iwe nzima au mbovu, isitupwe na isigawiwe kama chuma chakavu. Na ifungwe katika kitambaa, itiwe ndani ya bahasha pamoja na skurubu zake, na juu yake iandikwe gitaa lilikuwa la nani, pikapu ilikaa upande gani, na tarehe iliyotolewa. Bahasha hiyo ikae pamoja na hati za nyumba. Siku mtoto au mjukuu atakapotaka kuisikia sauti ileile ambayo babu yake alipigia, fundi atakuwa na kitu cha kuanzia.